Maswali na majibu: Kidonda cha utotoni ndani ya ndoa

Maswali ya safari hii yametoka Kisasa, Nkuhungu, Kibaigwa, Chamwino na Manyoni. Nimeyafupisha na kuondoa chochote ambacho kingemtambulisha aliyeuliza. Yote yanahusu mambo yaliyompata mtu akiwa mtoto, na jinsi yanavyomfuata akishakuwa mke, mume au mzazi.

Shikamoo mshauri. Nina miaka 31, ni mtumishi, nimeolewa miaka minne. Baba alikuwa akirudi kilabuni anampiga mama, sisi watoto tunajificha nyuma ya ghala. Mume wangu hajawahi kuninyooshea mkono. Lakini akipaza sauti, hata akishangilia mpira, naganda. Na nyumba ikiwa shwari siku kadhaa, mimi ndiye naanzisha ugomvi. Nina nini?

Marahaba, mdogo wangu. Mtoto anayeishi na hatari ndani ya nyumba hana pa kukimbilia, maana anayemtisha ndiye anayemlisha. Linalobaki ni kujifunza dalili: hatua za miguu uani, mlango unavyosukumwa, kikohozi cha mlevi. Katika ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala ambayo kazi yake ni kutoa tahadhari. Kwa mtoto wa namna yako inazoea kutoa tahadhari mapema mno, kabla sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima na kufikiri, haijasema lolote. Moyo unaenda mbio, misuli inakaza, na mwili unachagua kupigana, kukimbia au kuganda. Wewe ulikuwa mdogo, kupigana usingeweza. Ukajificha, ukaganda, na kuganda huko kukakuokoa. Leo una nyumba yako Kisasa na mume mpole, lakini mwili wako bado unaishi kwa baba.

Na huo ugomvi unaouanzisha? Nyumbani kwenu utulivu ulikuwa muda wa kusubiri kipigo kijacho, na kusubiri huko kunatesa sana. Ukianzisha wewe, walau unajua saa ya vurugu. Wengi hufanya hivyo bila kujijua, kisha wanajiona watu wabaya, wanaomba msamaha kupita kiasi, na mume anabaki hajui kilichotokea. Nakuomba usijiite mbaya. Hapo kuna mtoto aliyekuwa anajaribu kubaki salama.

Mweleze mumeo siku ya amani, msipokuwa na ugomvi wowote. Si lazima asikie kila kitu. Inatosha umwambie: "Sauti ikipanda mwili wangu unaganda, sikudharau, nipe dakika chache." Ukiona unaanza kuganda, kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, taja vitu vitano unavyoviona, toa pumzi polepole kuliko unavyoivuta. Hiyo ni huduma ya kwanza tu. Tiba yenyewe ni ya mazungumzo na mtaalamu, hasa tiba ya utambuzi na tabia, inayokusaidia kubadili namna unavyofikiri na kutenda, ile inayolenga kiwewe, yaani kidonda cha moyoni kinachobaki baada ya mambo ya kutisha au kuumiza. Mara nyingi ni vikao 8 hadi 12, kimoja kila wiki, ingawa aliyeteseka miaka mingi huhitaji zaidi. Vikao vya mwanzo hakuna atakayekulazimisha kusimulia. Unajifunza kwanza kutuliza mwili. Baadaye unaigusa kumbukumbu kidogo kidogo, ukiwa na mtu anayejua lini aendelee na lini asimame, mpaka ufike mahali unaukumbuka usiku ule na kujua kwamba umepita.

Mimi nina mashine ya kukamua alizeti, nina miaka 38. Mke wangu anasema ameolewa na ukuta. Nilipelekwa kwa ndugu nikachunge mbuzi nikiwa na miaka 6, mama nilimwona baada ya mavuno tu. Sikupigwa wala sikulala njaa. Kwa hiyo sidhani kama nina kiwewe.

Kaka, katikati ya miaka ya 1950 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alizunguka vijiji vya karibu na Kampala akiwatembelea akina mama na watoto wao wachanga majumbani. Aliona kwamba mtoto ambaye mama yake anazisoma vizuri ishara zake hulia, akabembelezwa, kisha akarudi kucheza kwa amani. Wengine walilia hata wakibebwa. Wachache hawakuonyesha tofauti yoyote mama akiwepo au asipokuwepo. Miaka ya baadaye, huko Marekani, aliona watoto waliogeuza uso pembeni mama aliporudi chumbani, kana kwamba hawana habari naye. Watafiti waliokuja kuwapima watoto wa aina hiyo wakakuta moyo unadunda kwa nguvu wakati uso umetulia.

Sisemi kupelekwa kwa ndugu ni kosa. Kwetu huku watoto wengi wamelelewa na bibi, shangazi au mjomba wakakua wazima kabisa. Swali langu kwako ni moja: ulipoumwa, ulipoogopa fisi jioni, ulimkimbilia nani? Kama jibu ni "hakuna", basi ulijifunza mapema kutomhitaji mtu. Kiwewe hakitokani na kupigwa peke yake. Kukosa wa kukufariji kunaacha alama yake pia, na alama hiyo mkeo anaigusa kila siku.

Anza na jambo dogo. Kila jioni mweleze kitu kimoja cha siku hiyo na namna ulivyojisikia: mteja aliyekataa kulipa na hasira uliyopata, au furaha ya kuuza mashudu yote. Mwanzoni utaona ni upuuzi. Endelea. Na kama mtapata mshauri wa ndoa, nendeni wote wawili, ila omba pia vikao vya peke yako, kwa sababu yule kijana wa mbuzi ana mambo ambayo hatayasema mbele ya mke.

Sisi wote tulichapwa na tumekuwa watu. Hiki kiwewe si mambo ya kuiga?

Hapana. Mwaka 2009 ulifanyika hapa Tanzania utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, wa kwanza Afrika kupima aina zote za ukatili kwa wasichana na wavulana. Karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walisema walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya miaka 18. Karibu wasichana 3 katika 10, na mvulana 1 katika 7, walifanyiwa ukatili wa kingono. Hawa ni watu wetu, hawakuiga popote.

Ni kweli kwamba si kila aliyechapwa ana kiwewe. Utafiti mkubwa wa California, ambao matokeo yake yalianza kutolewa 1998 na ambao kwa jumla uliwahusisha watu zaidi ya 17,000, ulionyesha kwamba aina za mateso ya utotoni zinavyorundikana ndivyo hatari ya sonona (huzuni nzito isiyoondoka), ulevi na kujaribu kujiua inavyoongezeka. Hatari ikiongezeka haina maana kwamba umeshahukumiwa. Mara nyingi aliyepona alikuwa na mtu mzima mmoja aliyemwamini: bibi, mwalimu, jirani. Ukiangalia vizuri, ndugu yangu wa Manyoni, huenda na wewe ulikuwa naye.

Nataka msaada lakini nikionekana hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe watasema nimechanganyikiwa. Mchungaji anasema niombe tu.

Hospitali ya Mirembe ilianza 1927, na kwa miaka yote hiyo jina lake limetumika mitaani kama tusi. Inaniuma, kwa sababu tusi hilo limewazuia wengi kupata msaada. Wapo wanaokwenda pale kama wagonjwa wa nje, wanamwona mtaalamu na kurudi kazini siku hiyo hiyo. Lakini si lazima uanzie pale. Muulize daktari wa Hospitali ya Benjamin Mkapa au ya rufaa ya mkoa akuelekeze kwa mwanasaikolojia, au mwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Muulize mshauri amesomea nini na kama amewahi kuhudumia watu wenye kiwewe. Akikasirika kwa swali hilo, tafuta mwingine. Dawa zipo kwa wenye sonona kali au wasiolala, na huandikwa na daktari.

Kuomba endelea, kama kunakupa nguvu. Mchungaji mwema atakuombea na kukusindikiza kliniki.

Mjomba alinifanyia ubaya nikiwa na miaka 9. Sasa ni mzee, mama amemleta aishi nasi na anasema nimsamehe, damu ni damu. Nina binti wa miaka 7.

Mwanangu, pole sana. Naamini ulichoandika.

Kabla ya msamaha kuna binti yako. Asibaki peke yake na mtu huyo hata dakika moja, asilale chumba kimoja naye, asitumwe kumpelekea chakula. Kama mama hakubali, hama na mtoto au mjomba ahamishwe, hata kama ukoo utanuna. Mzungumze na binti kwa upole, umwambie hakuna anayeruhusiwa kumgusa sehemu za siri na kwamba hatagombezwa akisema. Ukihisi lolote, piga 116, huduma ya simu kwa mtoto, ni bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Hapo unaweza pia kuulizia hatua kuhusu yaliyokupata wewe.

Kuhusu kusamehe, huna deni kwa mtu. Tiba haidai umsamehe aliyekuumiza ili upone. Wapo wanaosamehe baada ya miaka, wapo wasiosamehe kamwe na wanalala usingizi mzuri. Msamaha wa kulazimishwa sebuleni, wazee wamekaa, unamfundisha mtoto aliyeumizwa kwamba amani ya ukoo ni kubwa kuliko mwili wake. Ulishafundishwa hivyo ukiwa na miaka 9.

Mke wangu ameanza vikao mwezi huu. Anarudi amelia, haongei. Nilidhani angepata nafuu. Nimzuie?

Usimzuie. Wiki za kuanza kugusa kumbukumbu huwa nzito, na wengi huzidiwa kidogo kabla ya kupumua. Usimuulize wamezungumza nini. Muulize anataka ukae karibu au umwache. Siku za kikao chukua watoto, pika wewe, hata kama ni ugali na mlenda. Asipotaka kuguswa usiku huo, usihesabu kwamba amekukataa. Akianza kusema hana sababu ya kuishi, au asipolala siku mfululizo, mjulishe mshauri wake siku hiyo hiyo, na kama hapatikani mpeleke hospitali iliyo karibu, usiku wowote. Kama vikao vinaangukia siku ya zamu yako, omba kubadilishana mapema ili uweze kumfuata.