Pima Asidi Kabla Hujafurahia Hamira Isiyozeeka

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya maabara hapa Nairobi, kuna kosa lililonila miezi minne. Lisiwale na nyinyi.

Nilikuwa natafuta dawa ya kuchelewesha uzee wa hamira. Nilichemsha majani ya dawa, nikatia maji yake kwenye chupa za hamira, ndugu ya hii ya mandazi, nikaitikisa kwa nyuzi 30. Kila baada ya siku mbili nilichukua tone, nikalizimua, nikalimwaga kwenye sahani za agari, yaani chakula kigumu cha vijidudu, na kuhesabu makoloni: kila koloni ni kundi lililotokana na seli moja iliyokuwa hai. Wiki ya pili, chupa za kawaida zilikuwa zimekufa karibu zote. Zenye dawa zilikuwa hai! Jioni hiyo nilipanda matatu nikijiona nimeshika siri ya uzee.

Kesho yake mwenzangu aliniuliza swali moja: "pH ulipima?" Yaani kiwango cha asidi kwenye chupa. Sikuwa nimepima.

Hamira ikila glukosi hutoa ethanoli, na pia asidi ya asetiki. Asidi hiyo hubaki kwenye maji yale yale, na ndiyo inayochangia sana kuziua seli zikishaacha kugawanyika. Basi chochote kinachopunguza ukali wake kitaonekana kama dawa ya uzee. Nilipotia bafa ya pH 6, yaani mchanganyiko unaozuia pH isibadilike, katika chupa zote, tofauti yangu ikayeyuka. Niliumia, nakiri. Ikiwa dawa yako imeyeyushwa kwa DMSO, kiyeyushi cha maabara, chupa ya kulinganishia nayo ipewe DMSO kiasi kile kile.

Kuna njia nyingine ya kupima uzee, nayo naipenda zaidi: kuhesabu mama, yaani seli inayochipua, amezaa mabinti wangapi, yaani seli mpya zinazochipuka kwake. Mortimer na Johnston waliifanya mwaka 1959. Unamtenga kila binti kwa sindano chini ya hadubini. Mama huzaa mara 25 hivi, kisha hukoma. Usiku sahani hulala kwenye friji, nyuzi 4, zisizae bila wewe kuona. Binti ni mdogo kuliko mama; ukichoka macho utamtupa mama na kubaki na mtoto.

Tena msijaribu aina moja tu ya hamira. Resveratroli, kemikali inayopatikana kwenye zabibu, ilitangazwa mwaka 2003 kuwa inarefusha maisha yake. Mwaka 2005 watafiti wengine wakaijaribu kwenye aina kadhaa, wasione kitu. Dawa ya rapamaisini imesimama imara zaidi: hubana TOR, protini inayoongoza ukuaji wa seli, na imerefusha maisha ya hamira na hata ya panya.

Ukiniletea makoloni yako niyatazame, njoo na vipimo vya pH vya kila siku uliyohesabu.