Chumba cha unasihi hakiingii mtu

SWALI: Ninafundisha sekondari ya kutwa huku Tanga, upande wa Pongwe. Tangu nikabidhiwe malezi na unasihi, wanafunzi hawaji wenyewe. Wanaokuja ni walioletwa kwa utoro au ugomvi. Sanduku la maoni nalo limejaa malalamiko ya chakula tu. Nifanyeje?

JIBU: Pole na kazi, Mwalimu. Hao wanaoletwa ndio wanaowafukuza wengine. Mtoto akimwona mwenzake anatoka kwa mwalimu wa nidhamu na kuingia kwako, anajua hicho ni chumba cha kesi. Mwombe mkuu wa shule makosa yaishie kwa mwalimu wa nidhamu. Wewe usishike fimbo wala usikae kwenye kamati ya nidhamu. Hili lisipofanyika, mengine yote ni kazi bure.

Pili, usingoje waje. Muhula wa kwanza ita kidato cha kwanza wote, mmoja mmoja, dakika kumi, kwa kufuata rejista. Wakiitwa wote, hakuna atakayeonekana ndiye mwenye matatizo. Hawa wengi wamesoma msingi kwa Kiswahili, ghafla karibu kila somo ni Kiingereza, na anayeona aibu kujibu darasani huanza kutoroka vipindi. Tunamwita mvivu, tunamwonea. “Una tatizo gani?” haitakupa kitu. Muulize analala wapi na nani, ameondoka nyumbani saa ngapi, asubuhi amekula nini. Anayeishi geto na wenzake, hasa msichana, mfuatilie kila wiki, maana hapo kodi na chakula vikikwama hujitokeza mtu mzima wa “kumsaidia”.

Usimwahidi mtoto kwamba hutasema lolote. Mwambie mapema: hayatafika kwa walimu wenzangu, ila ukiwa hatarini nitatafuta msaada, na utajua nani nimemwambia. Akieleza kufanyiwa ukatili, andika maneno yake kama alivyoyasema, tarehe na saa. Usimhoji mara mbili, usiite familia mkae kuyamaliza. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakutaka utoe taarifa. Siku hiyohiyo nenda kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Namba 116, simu ya kuwasaidia watoto, nayo haina malipo. Kama amebakwa, asioge wala kufua nguo, na afike hospitali, kwa mfano Bombo, haraka iwezekanavyo: dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu.

Malalamiko ya chakula usiyadharau. Wanakupima. Yajibu mstarini Jumatatu, hata kama jibu ni kwamba mahindi yamechelewa, na barua nzito zaidi zitafuata. Ufunguo ukae kwako peke yako, sanduku liondoke mbele ya ofisi ya mkuu, na pembeni yake weka vipande vya karatasi vinavyofanana. Karatasi iliyochanwa kwenye daftari humtaja mwenyewe.