Karakana: Maswali Yenu Kuhusu Kapilingi za Mashine za CNC

SWALI: Asalaamu aleikum wahariri. Karakana yetu iko Langoni, Lamu. Tunachonga mifaa na fremu za milango ya mbambakofi kwa mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta). Mota ni za stepa (zinazozunguka hatua kwa hatua), saizi ya NEMA 23, shafti milimita 8. Skrubu za gololi (zinazosogeza mashine kupitia nati yenye gololi ndani) zina ncha ya milimita 10, na kila mzunguko husogeza milimita 5. Maua ya mwanzo hutoka safi, lakini tukifika mwisho wa ubao mchoro umehama kama nusu milimita. Kapilingi (viungo vya kuunganisha shafti ya mota na skrubu) mbili za alumini, zile zilizochanjwa kama springi, zimeshakatika. Tununue za aina gani?

JAWABU: Waaleikumu salaam, fundi. Kabla ya kutoa pesa, pigeni hesabu. Digrii 360 ni milimita 5, basi digrii moja ya mchezo (ulegevu) kwenye kapilingi ni milimita 0.014, kiasi ambacho jicho halikioni kwenye mti. Nusu milimita ni digrii 36! Hakuna kapilingi nzima inayojipinda hivyo. Kuna kinachoteleza.

Choreni mstari wa rangi ya kucha kutoka shafti ya mota, upite juu ya kapilingi, hadi shafti ya skrubu. Chongeni kazi nzima, kisha mtazame. Mstari ukiachana pale shafti inapoingia, kapilingi imeteleza. Ukibaki mnyoofu na mashine hairudi sifuri, mota inapoteza hatua: punguzeni mwendo au kina cha mkato. Kosa lisiloongezeka, linaloonekana kila mashine inapogeuza mwelekeo tu, na duara likatoka na bapa sehemu nne, mara nyingi ni la nati ya gololi au beringi za mwisho.

Kosa lenu linakua, kwa hiyo tunashuku mshiko. Kapilingi za bei nafuu hushikwa na skrubu ndogo zinazochoma shafti kwa ncha, na kwenda mbele na nyuma huzilegeza. Chukueni zenye mkato ubavuni, zinazobana shafti pande zote kwa boliti. Futeni shafti kwa spiriti kwanza. Hewa ya chumvi huwafanya mafundi wa pwani wapake grisi kila mahali, lakini ndani ya tundu la kapilingi isiingie hata tone. Pakeni vichwa vya boliti tu.

Kwa kazi yenu tunapendekeza ya meno, yenye nyota ya plastiki katikati. Iwe ile ambayo nyota huingia kwa kusukumwa. Inayoingia kwa ulegevu ni ya pampu, na ina mchezo tangu dukani. Nyota iwe ya ugumu wa 98 kwa kipimo cha Shore A (cha ugumu wa mpira na plastiki), kwa kawaida nyekundu. Matundu ya 8 na 10 yawe yametobolewa kiwandani. Kuziba nafasi kwa bati la kopo huihamisha shafti kutoka katikati. Nguvu iliyoandikwa kwenye kapilingi iwe angalau mara mbili ya ile ya mota. Kapilingi za mvukuto (zenye ukuta wa chuma uliokunjwakunjwa) ni ngumu mno kujipinda na nzuri kwa mota za servo (zinazojisahihisha zenyewe), ila ukuta wake ni mwembamba na hausamehe ufungaji mbaya.

Na ufungaji mbaya ndio uliokata zenu mbili, karibu hakika. Shafti zisipokuwa mstari mmoja, alumini hukunjwa kila mzunguko hadi inapasuka mwishoni mwa mchanjo. Legezeni boliti za mota, leteni nati karibu na mota, kazeni kapilingi upande wa skrubu peke yake. Upande wa mota lazima iteleze kwa vidole viwili, popote mtakapoizungusha. Hapo ndipo mkaze mota, mjaribu tena, mbane kapilingi mwisho. Ncha za shafti zisigusane.

SWALI: Sisi ni mafundi fanicha, Malindi. Kapilingi ya mota inayoshusha spindeli (kichwa kinachozungusha kisu) ilikatika, spindeli ikaanguka ikatoboa ubao. Tufanyeje?

JAWABU: Wekeni ya meno hapo pia. Nyota hata ikisagika, meno ya alumini bado hukamatana. Iliyochanjwa ikikatika haishiki chochote. Lakini skrubu ya gololi hujizungusha kwa uzito umeme ukizimika, kwa hiyo spindeli nzito inataka springi ya kuibeba au mota yenye breki. Mkiona chembe za plastiki chini ya kapilingi, badilisheni nyota siku hiyohiyo.