Ng'ombe anakohoa na kukonda, nimuuze mnadani?

SWALI: Dokta habari, niko Buswelu hapa Mwanza, nina ng'ombe wa maziwa wanne. Mmoja anakohoa na kakonda sana, nimempiga sindano ya OTC (antibiotiki) hola. Jirani kachinja wake, mkaguzi wa nyama akakuta vijipu vya usaha mgumu kwenye mapafu akasema ni TB. Nimtibu na nini, au nimuuze mnadani kabla hajafa? Maziwa huwa tunagandisha yawe mtindi.

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Mnadani usimpeleke, nakuomba, utamhamishia mwenzako ugonjwa kwenye zizi lake. Na sindano acha, TB ya ng'ombe haitibiwi, dozi ingekuwa ya miezi mingi, bado atabaki anaambukiza, hela yako inaisha bure.

Mtenge leo hii, maji na chakula chake peke yake, halafu mwite daktari wa mifugo awapime WOTE wanne sio huyo tu, kwa sababu ng'ombe anaweza kukaa nao miaka amenenepa vizuri tu. Atanyoa sehemu mbili shingoni, apime unene wa ngozi, achome tubakulini (dawa ya kupimia TB), moja ya TB ya ng'ombe na nyingine ya TB ya ndege, arudi baada ya saa 72 kupima tena. Uvimbe wa ile ya ng'ombe ukizidi wa ile ya ndege kwa zaidi ya milimita 4, huyo anao. Ila aliyedhoofika sana au aliyezaa juzijuzi kipimo kinaweza kumkosa, kwa hiyo hata akionekana mzima usimrudishe bandani, arudiwe baada ya siku 60 hivi.

Atakayekutwa nao anachinjwa machinjioni mbele ya mkaguzi. Najua inauma, ng'ombe wa maziwa ndo ada ya watoto, lakini ukiwahi wakati ugonjwa upo sehemu moja mkaguzi anaweza kukata hapo tu nyama nyingine ukauza, ukisubiri usambae mwili mzima nyama yote inatupwa, na wale wengine watatu nao wameshaambukizwa.

Sasa maziwa, hapa ndo naogopa zaidi. Kugandisha hakuui bakteria wa TB. Chemsha kwanza mpaka yatokote, yapoe, ndo ugandishe.

Na mtu nyumbani akiwa na kikohozi cha wiki mbili, au mtoto kavimba tezi za shingo, nendeni hospitali na mseme kabisa kuwa mnafuga na mmekunywa maziwa yasiyochemshwa, maana TB hii ya ng'ombe pirazinamidi haiiwezi, na hiyo ni moja ya dawa nne wanazoanza nazo, daktari anatakiwa ajue mapema.