Barua kwa mwanangu: hilo bwawa utalilipia hata usipoogelea

Mwanangu,

Meseji yako niliiona jana usiku nikaisoma mara mbili, unasema mama nimepata apatimenti mbili mjini, moja ina bwawa la kuogelea ila kodi imezidi kidogo, na bajeti imebana, nichukue ipi. Nikaona hili sio la kujibu kwa mistari miwili.

Hiyo "kidogo" usiiamini kwanza. Dalali anakutajia kodi, lakini gharama ya bwawa mara nyingi imekaa kwenye sevisi chaji. Pampu ya kuchuja maji inakula umeme masaa kibao kila siku, kuna dawa, kuna mtu wa kusafisha, kuna maji ya kuongezea manake jua linayapunguza, na hayo yote mnachangia wapangaji, uogelee usiogelee. Kwa hiyo uliza jengo lina nyumba ngapi. Zikiwa 80 kila mtu anabeba kipande, zikiwa 8 mzigo unakuwa mkubwa au mwenye nyumba anaanza kubana hela ya dawa, na hapo ndo maji yanageuka kijani.

Chukua kalamu basi. Jumlisha kodi, sevisi chaji, umeme, maji, paking na nauli ya kazini kwa nyumba zote mbili, ile tofauti igawanye kwa siku utakazoogelea kweli ndani ya mwezi. Nasema kweli baba'ngu, manake nakujua. Kama unarudi saa 2 usiku na bwawa linafungwa saa 1, umebaki na wikendi tu, siku 8 au 9 hivi. Unaweza kukuta kulipa kiingilio kwenye bwawa la hoteli au la klabu ni nafuu kabisa, ukachukua ile nyumba nyingine na hela ikabaki. Na kama jumla yote inapita theluthi moja ya mshahara, mimi nakwambia iache, hata liwe zuri vipi.

Yalinikuta mimi haya. Wewe ulikuwa hujaanza shule, nikachukua nyumba kwa ajili ya bwawa tu, wiki ya tatu likafungwa eti matengenezo, miezi saba nalipa sevisi chaji ileile na wewe kila Jumamosi unasimama dirishani na taulo begani. Nikafungua mkataba nidai, hauna hata neno moja kuhusu bwawa. Bado inaniuma. Kwa hiyo kabla hujasaini hakikisha imeandikwa kwamba bwawa ni haki ya mpangaji, linafunguliwa saa ngapi, wageni wanaruhusiwa au la, na likifungwa zaidi ya mwezi unapunguziwa kiasi gani. Akikwambia tutaongea tu, jua hakuna kitu.

Picha za kwenye tangazo usizitegemee. Nenda mwenyewe, nenda jioni ya wikendi watu wakiwepo, na hela usitoe hata ya kushikia kabla hujaingia ndani. Simama ukingoni uangalie chini kabisa, ule mfuniko wa tundu la kutolea maji lazima uonekane vizuri, usipoonekana maji hayafai. Harufu kali ya klorini watu wanadhani ni usafi, sio, ile inatoka klorini ikishachanganyika na jasho na mikojo. Mwambie anayetunza akupimie mbele yako kwa vile vikaratasi, pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, iwe kati ya 7.2 na 7.8 na klorini isipungue miligramu 1 kwa lita (kwenye vikaratasi imeandikwa ppm). Akianza kujiumauma hapo umeshapata jibu.

Sasa mjukuu wangu, hapa sitaki mchezo kabisa. Ana miaka mitatu, na mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, anazama kimya, ni dakika chache tu. Lazima kuwe na uzio pande zote nne, usiopungua mita 1.2, geti lijifunge lenyewe na komeo liwe juu asipofikia. Huo mfuniko wa chini ukiwa umevunjika au haupo asiingie mtu, mvuto wa pampu unaweza kushika nywele au hata mwili wa mtoto. Na uzio hauchungi mtoto, akiwa majini mtu mzima awe karibu kiasi cha kumgusa, simu iwe pembeni. Kama jengo halina uzio, hilo swali lako limeisha mwanangu, usichukue.

Vyote vikiwa sawa na moyo bado uko kule, punguza kwingine. Omba chumba kimoja badala ya viwili kwenye jengo hilohilo, au upande usiotazama bwawa, mara nyingi ni nafuu na unalala bila kelele (ya chini jirani na chumba cha pampu usikubali, ile ngurumo haizoeleki). Omba pia wakushushie kidogo ukisaini mwaka mzima, hasa nyumba ikiwa imekaa tupu. Siku ya kuingia piga picha kila ukuta na kila bomba, dipoziti yako iko humo.

Ukienda Jumamosi nipigie video nikiwa hapa nyumbani, anza na geti la bwawa, mengine utanionyesha baadaye. Na ule ukurasa wa sevisi chaji nitumie kabla hujasaini.

Mama yako