Vyungu vya Mama Kona

Mwanangu,

Ugonile. Huku Mwanjelwa, Mbeya, baridi imeanza kuuma, ila sote tu wazima. Ndaga kwa hela uliyotuma. Nimelipia ushuru wa meza, iliyobaki nimeificha unakojua.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema mwandaaji wa tamasha, hujafungua hata mfuko wa gitaa, alikuuliza una wafuasi wangapi Instagram. Ukamtajia, akacheka, na nafasi yako akapewa kijana aliyekuwa midomoni mwa watu wiki nzima kwa ugomvi wake na mchumba. Kisha ukaniuliza: "Mama, siku hizi kipaji kina kazi gani, kama kinacholipwa ni jina?"

Moyo wa mama ungesema, tulia, yule kesho watamsahau. Huenda wasimsahau. Acha nikujibu kama muuza vyungu.

Mzigo wangu unajua unakotoka. Wanawake wa Kikisi kule Ikombe, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, wanafinyanga, vyungu vinapanda mtumbwi hadi Lyulilo, pale jirani na Matema, nami navinunua, napakia mpaka Kyela, Tukuyu, hadi huku. Katika mzigo mzima kuna vyungu vya mkono mmoja ambavyo navitambua hata gizani. Shingo imekaa sawasawa, kuta nyembamba lakini motoni havipasuki, na ukivigonga kwa kifundo cha kidole vinalia kama kengele, havikohoi. Hivyo ndivyo naviweka mbele. Na wateja, tangu wewe uko shule ya msingi, wanaviitaje? Vyungu vya Mama Kona. Yaani mimi! Mimi ambaye ukinipa udongo sitoi hata kibakuli cha kunyweshea kuku.

Kwa hiyo katika kesi yako, mwanangu, mimi nimekaa benchi moja na yule kijana wa ugomvi.

Lakini mwizi mimi si mwizi. Nauli ni yangu, vinavyopasuka njiani ni hasara yangu, koo la kuita watu tangu asubuhi ni langu. Kujulikana nako ni kazi, na kunachosha. Kinachonikera ni kingine. Mwaka juzi nilileta mzigo ambao haukuiva vizuri motoni, nilijua kabisa, na uliisha kabla ya saa nane mchana. Hakuna aliyegonga hata chungu kimoja. Walikuwa wananunua Mama Kona.

Huko kwenye simu ni hivyohivyo, tena bila aibu. TikTok haijui gitaa lililofungwa nyuzi sawasawa na lililopotoka. Inaangalia watu wamekaa muda gani kwenye video, wamerudia, wamebishana, kisha inawasukumia wengine, maana mtu akikaa ndipo tangazo linapoonekana. Ugomvi wa wapenzi unakalisha watu. Na mwandaaji wako si mjinga. Ana ukumbi wa kulipia, na tiketi inanunuliwa kwa sura ambayo watu wameshaizoea.

Usidhani enzi zetu redio ilikuwa na haki zaidi. Marijani Rajab, yule mwimbaji wa dansi, alikuwa navyo vyote viwili, kipaji na jina. Radio Tanzania ilimfikisha kila kijiji. Siku zake za mwisho alikuwa na kibanda cha kuuza kanda Kariakoo, akafariki 1995. Sheria ya hakimiliki tuliyonayo ilipitishwa 1999, yeye hayupo tena. Kumbe hata jina lina wa kulila, na si lazima awe mwenyewe.

Anayenikaa moyoni mimi ni Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, labda kwa sababu ya biashara yetu. Kabla hajawa Siti alikuwa binti wa Fumba, Unguja, anafinyanga vyungu na kuvitembeza, na sauti ile ya kuitia wateja ndiyo watu walioisikia kwanza. Alianza kwa kuuza, unaona? Baadaye akaja mjini, akafundishwa, na mwaka 1928 akavuka hadi Bombay kurekodi, santuri zake zikanunuliwa pwani nzima. Wenye wivu wakamtungia wimbo kwamba bila ile sauti angekula nini. Walidhani wanamtukana.

Yeye alikuwa mfinyanzi na Mama Kona ndani ya kanga moja. Wewe umekuwa mfinyanzi tu, tena wa kujificha. Video uliyoweka mwisho ina dakika saba, chumba giza, naona goti na shingo ya gitaa. Mimi mzazi wako niliishia dakika ya pili! Sikwambii upige kiki, wala usigombane na mtoto wa watu ili utazamwe. Nasema washa taa, kaa mlangoni kwenye mwanga, anza na pale panapolia.

Ila umenichokoza, nikaona aibu. Miaka yote hiyo sijawahi kuuliza jina la mwenye vile vyungu. Juzi nikamuuliza mwenye mtumbwi. Akasema yule bibi macho yamepungua, siku hizi wanafinyanga na binti yake, na mwenye mtumbwi naye hana hakika kipi ni cha nani. Na mimi niliyejitapa kwamba navijua gizani!

Mwezi ujao sitaishia Lyulilo. Nitapanda mtumbwi hadi Ikombe kwenyewe, ingawa unajua ninavyoyaogopa maji ya Nyasa. Nikirudi nitaandika majina yao kwa chaki kwenye ubao wa bei, nione wateja watasemaje.

Nitumie ule wimbo mrefu, wote, sauti tu bila goti. Jirani yangu wa dagaa ana spika kubwa.

Mama yako