Polipu Wavamizi Katika Tangi la Matumbawe: Maswali na Majibu

Barua za safari hii zote zinahusu jambo moja: polipu, yaani wanyama wadogo, laini, wenye mikono ya kuchoma, wanaoingia katika tangi la matumbawe la nyumbani bila kukaribishwa na kisha kuwasonga wenyeji wake. Jibu la kwanza nimelirefusha kwa makusudi, kwa sababu mengine yote yanalitegemea.

Swali (Mbweni, Unguja): Assalamu alaykum. Mawe ya tangi langu yameota vijidude vya kahawia vinavyopitisha mwanga, vyenye shina jembamba na mikono mirefu kama nyuzi. Nilivikwangua kwa kisu, na baada ya wiki chache vikawa vingi kuliko mwanzo. Nimekosea wapi?

Jibu: Waalaykum salaam. Kwa sifa ulizozitaja, mgeni wako ni Aiptasia, anemoni mdogo (mnyama wa jamii ya matumbawe asiye na mifupa ya chokaa) anayewasumbua wafugaji wa matumbawe duniani kote. Kilichokuponza ni kisu. Mnyama huyu hahitaji mwenza ili aongezeke: anapotambaa juu ya jiwe huacha nyuma yake vipande vidogo vya wayo wake, na kila kipande huota mdomo na mikono kikawa mnyama kamili. Ukimkwangua unamfanyia kwa dakika moja kazi ambayo yeye angeifanya kwa wiki nyingi, na pampu nayo inavichukua vipande na kuvipeleka nyuma ya mawe, mahali ambapo mkono haufiki.

Mchunguze kwa karibu kabla ya kufanya lolote. Ukimgusa kwa kijiti hujivuta ghafla akazama tunduni, na akisumbuliwa zaidi hutoa nyuzi nyeupe kutoka ubavuni. Nyuzi hizo zimejaa chembe za kuchoma, na hizo pamoja na mikono yake ndizo zinazoyababua matumbawe ya jirani. Rangi ya kahawia inatokana na mwani wa chembe moja unaoishi ndani ya nyama yake na kumlisha kwa nguvu ya mwanga, kama unavyoyalisha matumbawe yenyewe. Ana riziki mbili, basi: taa yako, na mabaki ya chakula cha samaki. Taa huwezi kumnyima bila ya kuyaumiza matumbawe, lakini chakula ni chako kukipima. Walishe samaki kiasi wanachokimaliza mbele ya macho yako, kisha uondoe kinachozama. Hilo halitamuua hata mmoja, ila litapunguza kasi ya kuzaana, na dawa nyingine zote hushindwa pale ambapo chakula kinamwagwa ovyo.

Akiwa ameota juu ya jiwe dogo, litoe jiwe zima. Akiwa juu ya jiwe kubwa lililobeba matumbawe, litoe nje ya tangi, uchonge kwa patasi kipande cha jiwe kilicho chini ya wayo wake, ili aondoke pamoja na makao yake bila ya kukatwa. Na kwa atakayeanzisha tangi jipya, nasaha yangu ni kuacha kabisa "mawe hai", yaani mawe yaliyotolewa baharini yakiwa bado na viumbe juu yake. Ardhi yetu ya maweni imejaa jiwe la matumbawe ya kale, lile lile lililojengea Mji Mkongwe; likioshwa vyema kwa maji matamu, likasuguliwa udongo wote na kukaushwa juani, litakuwa na matundu ya kutosha kwa bakteria wa kusafisha maji, na halitakuletea polipu yeyote.

Swali (Michenzani): Nimeambiwa kwamba chokaa huwaua. Je, chokaa ya tambuu inafaa, au nitafute ya kujengea?

Jibu: Ni kweli, na kwa maoni yangu chokaa ndiyo njia bora kwa mtu wa hapa, kwa kuwa inapatikana, haina gharama, na haiingizi kiumbe kigeni nyumbani. Kinachotakiwa ni kalsiamu haidroksaidi iliyo safi. Chokaa ya kujengea iache, kwani inaweza kuwa na mchanga na madini mengine usiyoyajua. Chokaa ya tambuu inafaa iwapo ni nyeupe tupu. Iliyotiwa rangi au manukato isiingie majini.

Ichanganye na maji matamu kidogo mpaka ifikie uzito wa uji mwepesi, uivute kwa bomba la sindano lenye ncha pana. Zima pampu zote ili maji yatulie. Usimkaribie mnyama kwa pupa, kwani akihisi msukosuko atajificha. Sogeza ncha polepole, na umdondoshee uji ule juu ya mdomo wake. Mara nyingi huupokea kwa kuudhania chakula, akaukunjia mikono, na hapo umfunike mzima pamoja na tundu lake. Subiri kama robo saa, unyonye chokaa iliyobaki kwa mpira mwembamba, ndipo uwashe pampu.

Usiwatibu wengi kwa siku moja. Maji yaliyokolea chokaa hufikia pH (kipimo cha uasidi au ubesi wa maji) ya zaidi ya 12, ilhali tangi la matumbawe linatakiwa kubaki kati ya 8.1 na 8.4, na tangi dogo hupanda haraka. Wachache leo, wachache baada ya siku mbili, huku ukiipima pH kila mara, na uwarudie wale watakaochipuka upya, maana watachipuka. Vaa miwani ya kukinga macho, kwa sababu tone moja la chokaa linaweza kuliharibu jicho. Wapo wanaotumia maji ya ndimu badala yake. Huwaua wadogo, lakini ni asidi, na sioni sababu ya kuichagua ilhali chokaa ipo.

Swali (Wete, Pemba): Nikizima taa kwa wiki moja, hawatakufa kwa kukosa mwanga?

Jibu: Hawatakufa. Aiptasia akiwekwa gizani huupoteza mwani wake, akapauka na kuendelea kuishi kwa kula tu. Watafiti huwafuga hivyo katika maabara kwa muda mrefu. Matumbawe yako yatatangulia kufa.

Swali (Chake Chake): Nimesikia wapo kamba na samaki wanaowala. Bahari yetu imejaa samaki. Siwezi kumtafuta mmoja mwenyewe?

Jibu: Wanaosifiwa zaidi si wa kwetu. Kamba aitwaye Lysmata wurdemanni ni wa magharibi mwa Atlantiki, na konokono asiye na gamba aitwaye Berghia, ambaye hali kitu kingine isipokuwa Aiptasia, ni wa upande huo huo. Berghia anafanya kazi kweli, ingawa taratibu, na akimaliza chakula chake hufa kwa njaa. Hata hivyo sipendi kumshauri mtu anayeishi hatua chache kutoka ufukweni aagize mnyama wa bahari nyingine kwa ajili ya kazi inayoweza kufanywa kwa chokaa.

Katika bahari yetu yupo Chaetodon lunula, samaki wa jamii ya kitatange mwenye utepe mweupe nyuma ya jicho, ambaye huwala anemoni hawa. Tatizo lake ni kwamba hula pia polipu za matumbawe na minyoo ya mirija, na anahitaji tangi kubwa sana. Ndugu zake kadhaa, kama Chaetodon trifasciatus na Chaetodon meyeri, hawali ila matumbawe hai, na ndani ya tangi kwa kawaida hukonda mpaka wakafa. Ukimleta nyumbani samaki usiyemtambua vyema, utakuwa umemtoa mwambani aje kufa. Mwamba wa Chumbe umefungwa kwa uvuvi wa aina yoyote. Ghuba ya Menai ni eneo la hifadhi tangu 1997, kisiwa cha Misali tangu 1998, na mkondo wa Pemba tangu 2005. Hata nje ya maeneo hayo, kaulizie kibali kwa maofisa wa uvuvi kabla hujatia wavu majini.

Swali (Fumba): Jiwe langu limefunikwa na polipu wanene wa kijani na kahawia, walioshikana kama zulia. Nataka kulitoa na kulichemsha ili wafe wote. Nichemshe kwa muda gani?

Jibu: Usilichemshe, tafadhali, hata kwa dakika moja. Maelezo yako yanaelekea kwa Palythoa, polipu wanaoota kwa makundi yaliyoshikana, au jamaa zake, na baadhi yao wamebeba palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi zinazotengenezwa na viumbe hai, iliyotambuliwa mwaka 1971 kutoka kwa Palythoa wa Hawaii. Moto wa jikoni hauiondoi, na mvuke unaibeba. Wafugaji wa matangi katika nchi mbalimbali wamelazwa hospitali pamoja na watu wa nyumbani mwao, kwa sababu tu jiwe lilichemshwa jikoni, au lilisuguliwa kwa brashi na matone yakaruka hewani. Kwa jicho huwezi kumtofautisha mwenye sumu na asiye nayo, kwa hiyo wote wahesabiwe kuwa nayo.

Fanya hivi. Vaa glavu nzima na miwani ya kukinga macho, na usiguse kitu ikiwa una mchubuko mkononi. Liingize jiwe ndani ya ndoo ukiwa umelizamisha ndani ya tangi, lisikauke wala lisikwanguliwe. Ipeleke ndoo nje, penye hewa, mbali na watoto na paka. Andaa ndoo nyingine yenye sehemu 1 ya dawa ya klorini ya kufulia kwa sehemu 10 za maji, ulizamishe jiwe humo usiku mzima, na maji ya ndoo ya kwanza uyatie klorini kwa kipimo hicho hicho kabla ya kuyamwaga. Klorini hiyo isikutane kamwe na siki, ndimu wala asidi nyingine, kwani hutoa gesi ya sumu. Mtu yeyote atakayehisi kifua kubana, homa, maumivu ya misuli au ladha ya chuma mdomoni baada ya kazi hii atoke nje, akimbizwe hospitali, na daktari aambiwe waziwazi kwamba ni sumu ya polipu, kwa sababu dalili zake hufanana na za mafua.

Swali (Jambiani): Mimi ninao Xenia, matumbawe laini, wale wanaofumba na kufumbua mikono yao. Ni wazuri, lakini wamejaa kila mahali. Je, naweza kuwarudisha baharini waliozidi?

Jibu: Hapana, hata kama uliambiwa kwamba ni wa bahari hii hii. Huko Venezuela, jamaa wa Xenia aitwaye Unomia stolonifera, mwenye asili ya upande wa Indonesia, alipandikizwa baharini kwa ajili ya biashara ya matangi, na sasa amefunika matumbawe na majani ya bahari katika Hifadhi ya Taifa ya Mochima. Pwani ya Jambiani, yenye mashamba ya mwani na ya sponji ambayo watu wanayategemea kwa riziki, haistahili kuwekwa katika hatari hiyo.

Uwaache wachache juu ya jiwe moja lililosimama peke yake katikati ya mchanga, mbali na kioo na mawe mengine, na kila tawi linaloinamia nje likatwe mapema, huku vipande vikinyonywa papo hapo. Waliozidi waweke katika ndoo ya maji matamu kwa siku mbili, wafunge ndani ya mfuko, na uwatupe pamoja na taka za nyumbani. Maji ya tangi unayobadilisha yamwage katika shimo la maji machafu, si kwenye mtaro unaoelekea pwani.